Futi ya njano ya shilingi 2,000

Ndani ya mwaka mmoja nimetumia futi tatu za kupimia nguo. Mbili sizitaki tena. Ya tatu, ya njano, niliinunua Kariakoo kwa shilingi 2,000 na nimeitumia miezi minane. Naandika juu yake kwa sababu imemaliza jambo lililonisumbua tangu ujana: unanunua kitambaa kizuri, unamlipa fundi, nguo inavaliwa mara moja kisha inalala kabatini.

Nianze na gauni la mama.

Mama anaishi Muheza, ana miaka 71. Mdogo wangu alipokuwa anaolewa, wanawake wa familia tulikubaliana kushona sare ya kitenge, na fundi tuliyempata yuko Temeke, karibu na kwangu. Kumleta mama Dar kwa ajili ya kupimwa tu tuliona ni kumchosha bure. Nikapiga simu. Mjukuu anayekaa naye akatoa futi kwenye kopo la vifungo, akampima bibi yake, akanisomea: kifua 110, kiuno 104, hipsi 117, urefu hivi, mkono hivi. Nikaandika, nikampelekea fundi, gauni likashonwa, likapakiwa kwenye basi.

Siku ya harusi zipu ilipanda kwa watu wawili kusaidiana. Mama hakuweza kuinua mkono kupita usawa wa bega. Nyuma pindo lilikuwa limepanda vidole vinne, mbele limeshuka linagusa viatu. Hakusema neno. Alijitanda khanga mabegani, akakaa nayo tangu asubuhi mpaka jioni katika joto la Tanga la mwezi wa pili, na kwenye kila picha tuliyopiga ana khanga ile. Wageni walimwona mama mwenye staha yake. Mimi niliona jasho linalomtiririka chini ya masikio.

Iliniuma zaidi kwa sababu kupima ndiyo kazi yangu. Mimi ni muuguzi, niko kliniki ya mama na mtoto. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 tunampima mkono wa kushoto kutafuta utapiamlo, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Utepe ukisoma chini ya sentimeta 11.5, hiyo ni nyekundu, na mtoto huyo harudi nyumbani hivihivi. Kutoka hapo hadi kabla ya 12.5 ni njano. Kuanzia 12.5 ni kijani. Kati ya nyekundu na kijani pana sentimeta moja tu. Ukikaza utepe mpaka ngozi ikafanya mkunjo, umempa mtoto ugonjwa asio nao. Ukiulegeza, umemficha mgonjwa. Mama mjamzito naye tunampima tumbo, kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi, na mimba ikishapita nusu yake zile sentimeta huwa zinakaribiana na idadi ya wiki. Haya nayafanya kila siku kwa makini, na bado nilipokea vipimo vya mama yangu kwa simu bila kuuliza swali hata moja.

Kesho yake baada ya harusi, kabla ya kupanda basi la kurudi Dar, niliiomba ile futi ya kwenye kopo. Nyeupe, ya plastiki laini, imekuwepo tangu nikiwa shule ya msingi. Nikachukua karatasi ya A4 kwenye madaftari ya mjukuu. Karatasi ya A4 ni sentimeta 29.7 kwa 21, iwe Muheza iwe Tokyo, na kwa sababu hiyo ni kipimo cha kupimia kipimo. Nikailaza futi ubavuni mwa karatasi, upande mrefu. Ikasoma 29 na kijistari kimoja: 29.1.

Milimita sita zinaonekana ni kitu kidogo. Lakini futi iliyovutika alama zake zimeachana, kwa hiyo kila kitu inakisoma pungufu, na kadiri kitu kinavyokuwa kirefu ndivyo upungufu unavyokua. Kifua cha mama hakikuwa 110. Kilikuwa 112 na ziada kidogo. Juu ya hapo mjukuu alikuwa ameikaza futi, kwa sababu alidhani kupima vizuri ni kubana. Kiuno alikipima pale bibi anapofungia khanga, chini sana ya pale fundi anapopaita kiuno.

Hapo pana jambo nililolielewa taratibu, na ndilo ninalotamani kila anayeshonesha nguo alijue. Fundi akikupima mwenyewe kwa futi yake iliyovutika, kisha akakata kitambaa kwa futi hiyohiyo, makosa yanafutana na nguo inakukaa. Ndiyo maana mafundi wengi wana futi chakavu na wateja wao wanapendeza. Balaa linaanza pale unapopima kwa futi yako nyumbani, ukamtumia namba, naye akakata kwa ya kwake. Hapo futi mbili zinatakiwa kusema lugha moja. Siku hizi nusu ya nguo zetu tunaagiza hivyo, kwa simu, kwa ujumbe, kwa watu wa Instagram. Kwa hiyo fundi wetu wa Temeke simlaumu. Alikata alichoandikiwa.

Nilikwenda Kariakoo Jumamosi iliyofuata, kwenye maduka yanayouza nyuzi, zipu, bitana na lastiki, nikiwa na karatasi ya A4 ndani ya bahasha ili isikunjike. Muuzaji alinitolea futi za aina tatu. Nyeupe, shilingi 1,000. Ya njano, 2,000. Na ile ya duara inayojiviringisha ukibonyeza kitufe, 3,500. Niliomba nizijaribu, akaniambia, "Jaribu tu dada, hazina maneno."

Ile nyeupe mpya ilisoma karatasi sawasawa, 29.7. Lakini nilipoishika ncha mbili na kuivuta kidogo, kama unavyoivuta ukiwa unajizungushia mgongoni, niliiona inarefuka mbele ya macho yangu na kurudi. Leo inarudi, baada ya mwaka mmoja hairudi yote. Ya njano nilivyoivuta haikutoa kitu. Ukiitazama ukingoni, pale ilipokatwa, unaona nyuzi nyembamba zimelala ndani ya plastiki kwa urefu wake wote, na hizo ndizo zinazoizuia kuvutika. Nikageuza upande wa inchi. Inchi moja ni sentimeta 2.54, kwa hiyo inchi 60 ni sentimeta 152.4. Maana yake mstari wa 60 lazima uuvuke mstari wa 150 wa upande wa pili kwa karibu upana wa dole gumba. Kwenye ya njano ulivuka. Kwenye futi moja ya kundi la nyeupe, 60 na 150 zilikuwa zimekaa mgongo kwa mgongo, mstari juu ya mstari. Futi ya namna hiyo upande wake mmoja ni wa uongo, na mwenye kuinunua hana njia ya kujua ni upi. Muuzaji aliishika, akaiangalia mwenyewe, akaitoa kwenye kundi na kuiweka kando.

Nikanunua ya njano na ile ya kujiviringisha.

Ya kujiviringisha niiseme upesi. Ni nzuri kuitazama na haichukui nafasi kwenye mkoba. Lakini springi yake inaivuta muda wote, na ukiizungusha kiunoni inakukaza bila wewe kutaka. Mimi ilinipunguzia sentimeta mbili nzima. Nimeipa binti yangu apimie madaftari na fremu za picha.

Sasa namna ninavyoitumia ya njano. Navaa sidiria ile nitakayoivaa na nguo yenyewe, na nguo nyepesi moja ya ndani, basi. Kupimwa juu ya sweta au juu ya khanga ni kupima sweta. Nasimama mbele ya kioo, miguu pamoja, na napumua kama kawaida. Wengi wetu futi ikigusa tumbo tu tunalivuta ndani. Gauni likishonwa kwa tumbo lile ulilolivuta, itabidi ulivute kutwa nzima.

Kiuno ndicho kinachotutatiza zaidi, kwa sababu neno lenyewe tunalitumia kwa mahali pawili. Kiuno cha shanga kiko chini, kinakaa juu ya nyonga. Kiuno cha fundi kiko juu yake, pale mwili unapojikunja ukiinama upande. Basi nainama kulia, mkunjo unajitokeza wenyewe, nafunga hapo uzi au kipande cha lastiki nyembamba. Uzi unabaki palepale mpaka nimalize, kwa sababu vipimo vya urefu vyote vinaanzia au kuishia hapo. Kisha nashuka kwenye hipsi, pale makalio yanapojaa zaidi, kwangu ni kama sentimeta 20 chini ya uzi. Kifua napitisha futi pale matiti yanapojaa zaidi na naangalia kwenye kioo kama imelala sawa mgongoni. Futi ikishuka mgongoni, namba inabadilika. Naiacha iguse mwili tu, kidole kimoja kiweze kupita chini yake. Hiyo ya kugusa bila kukaza ndiyo niliyoitoa kliniki.

Mabega na upana wa mgongo sijipimii mwenyewe, hakuna atakayeweza. Hapo namwita binti yangu. Urefu wa mkono napima kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo, kwa sababu mkono ulionyooka kama mti ni mfupi kuliko mkono unaofanya kazi. Sare yangu ya kwanza ya kazini ilikatwa kwa mkono ulionyooka, na kila nikimwinamia mgonjwa mikono ya sare ilikuwa inapanda hadi katikati ya kigasha na mgongo unanivuta. Kila kipimo nachukua mara mbili. Zikitofautiana, nachukua mara ya tatu.

Lakini kama ningeambiwa nichague njia moja tu ya kuitumia futi hii, ningeacha kujipima mwili na kupima nguo. Toa kabatini lile gauni linalokukaa kuliko yote, litandaze kitandani, linyooshe bila kulivuta, pima kutoka kwapa hadi kwapa, kisha zidisha mara mbili. Langu ni 54, yaani 108. Kifua changu mimi ni 101. Zile sentimeta saba zilizozidi ndizo zinazoniwezesha kupumua, kukaa kwenye daladala na kunyoosha mkono kushika bomba. Fundi wangu anaziita za kuachia, na kwa kitenge kisichovutika yeye huachia inchi mbili na nusu hadi tatu kifuani. Ukimpa fundi kipimo cha mwili muulize ataachia ngapi. Ukimpa kipimo cha nguo mwambie wazi ni cha nguo, asije akaachia mara ya pili ukapwaya.

Kwenye mitumba futi hii imenilipa fedha yake mara nyingi. Soko la Karume hakuna pa kubadilishia nguo, kwa hiyo wengi tunatumia shingo: unazungusha kiuno cha suruali shingoni, ncha zikikutana nyuma unaambiwa itakutosha. Nimefanya hivyo miaka na miaka. Siku moja nikaamua kujipima shingo. Ni 36. Njia ile inachukulia kiuno ni shingo mara mbili, yaani 72, na kiuno changu ni 88. Sentimeta 16! Kwa wenye mwili fulani inaweza kuwa kweli, kwangu haijapata kuwa kweli hata siku moja, na hapo ndipo nilipoelewa zile suruali tatu nilizogawa. Sasa natoa futi mezani kwa muuzaji, napima kiuno cha suruali kikiwa kimefungwa, nazidisha mara mbili, nimemaliza. Mwanzoni wauzaji walikuwa wananishangaa. Siku hizi kuna mmoja akiniona ananyoosha suruali mwenyewe juu ya meza kabla sijasema kitu.

Na lebo? Siziamini. 14 ya Uingereza ni kama 10 ya Marekani, na kwenye rundo moja la Karume zote mbili zimo. Namba hizo hazipimi kitu chochote unachoweza kukiona kwenye futi. Nilipotafuta zilikotoka nikakuta kwamba mwaka 1939 na 1940 wizara ya kilimo ya Marekani ilipima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili viwanda vipate saizi za pamoja, na matokeo yakachapishwa mwaka 1941. Vilivyotumika ni vya wanawake weupe tu. Baadaye viwanda navyo viliacha kufuata kipimo kimoja, kila kampuni ikawa na 14 yake. Kwa hiyo dada mwenye hipsi za kwetu akiona 14 haimpandi, mwili wake hauna kosa lolote. Haukuwemo walipokuwa wanahesabu.

Kwa wauzaji wa mtandaoni nimejiwekea sharti moja, baada ya kupoteza shilingi 65,000 kwenye gauni lisiloingia mabegani na muuzaji asiyerudisha fedha. Namwomba atandaze nguo, aweke futi kutoka kwapa hadi kwapa, anipigie picha. Anayenijibu kwa picha nanunua kwake. Anayenijibu "itakutosha tu dada" namshukuru na naendelea na safari yangu.

Kasoro za futi yenyewe zipo. Bati la nchani lina kona kali, limeninasa kitambaa cha shifoni na kuvuta uzi. Nililisugua kwa msasa wa kucha likatulia. Wino mwekundu wa upande wa inchi umefifia kati ya 30 na 45, eneo ninaloshika kila siku kwa vidole vyenye jasho, na mafundi wetu wengi wanasema kwa inchi, kwa hiyo upande huo ndio unaohitajika zaidi. Pia haipendi kukunjwa. Nilipoikunja na kuibana kwa raba ilianza kupata mstari mweupe penye kunjo, sasa naiviringa kama bandeji. Miezi minane imepita na kila mwezi nimeirudisha kwenye karatasi ya A4. Bado 29.7.

Mwezi uliopita nilipata likizo, nikaenda Muheza na doti ya kitenge nyingine. Kabla ya yote niliiloweka usiku kucha nikaianika, maana kitenge cha pamba kikifuliwa mara ya kwanza husinyaa na gauni likishashonwa huwezi kulirudishia urefu. Asubuhi, mama alipomaliza chai, nikamwomba asimame karibu na dirisha.

Mgongo wake umeanza kupinda. Nilikuwa naujua kama mwanawe, sikuwa nimeutazama kama muuguzi. Nikafunga uzi kiunoni, kiuno cha fundi, nikapima nyuma, kutoka kifupa kinachojitokeza chini ya shingo hadi kwenye uzi: 44. Mbele, kutoka ubavuni mwa shingo juu ya bega hadi kwenye uzi: 40. Nikapima tena, zikarudi zilezile. Siku ya harusi gauni lilikatwa kwa mgongo ulionyooka. Nyuma kitambaa kikaenda kupanda lile bonge la mgongo, kikavuta pindo juu. Mbele kikabaki kingi, kikaanguka miguuni. Kifua 112, upande wa pili inchi 44. Nikampimia na mzunguko wa mkono juu, karibu na kwapa, na nikamwomba ainue mikono kama anafunga kilemba ili nione bega linakwenda wapi.

"Mwanangu, unanipima kama wa kliniki," alisema.

"Ndiyo mama. Tulia kidogo."

Fundi alipoziona namba alizisoma mara mbili, akaweka kidole kwenye 44 na 40. "Hizi za nyuma na mbele, dada, mara ya kwanza hukunipa." Alikata vipande vya nyuma virefu kuliko vya mbele, akaongeza mikunjo midogo miwili chini ya shingo kwa nyuma ili kitambaa kipate pa kupitia, na akaniachia kitambaa cha ziada ubavuni ndani ya mshono, akaniambia mama akinenepa nirudi.

Safari hii nililipeleka gauni mwenyewe, wiki iliyopita. Mama aliingia chumbani peke yake, zipu akaipandisha mwenyewe. Nilimkuta mbele ya kioo ameinua mikono yote miwili anafunga kilemba, na pindo limezunguka miguu yake sawa pande zote. Khanga ilikuwa juu ya kitanda.

Nilipokuwa nafunga mkoba aliniuliza ile ya njano iko wapi. Ya kwenye kopo ameshaitoa, kaipa mjukuu afungie kuni. Nikamwachia. Jumamosi hii nitakuwa Kariakoo na bahasha yangu ya A4, nanunua mbili.